Kiingereza cha Chini ya Ardhi: Historia Fupi ya Lugha ya Abiria wa London

Utangulizi

Wanafunzi wetu wa lugha wamezoea kuamini kwamba mtu akishaijua sarufi ya Kiingereza, na akishawasoma waandishi wake wakubwa, basi amekwisha kukijua Kiingereza chenyewe. Imani hiyo hupata mtihani siku msomi wetu anapofika London na kuteremka kwa mara ya kwanza katika kituo cha reli ipitayo chini ya ardhi. Wasomi wengi wa Kiswahili kutoka Afrika ya Mashariki wameupitia mtihani huo, kwani chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika cha London, ambako Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi, kiko karibu na kituo cha Russell Square. Mtu ambaye tamthilia za Shakespeare hazimpi taabu husimama ukingoni mwa reli akisikia sauti isemayo "Mind the gap", akababaika. Anajua kuwa "mind" ni akili na kuwa "gap" ni pengo. Lakini akili na pengo vimekutana wapi? Wakati angali akiwaza, milango imekwisha kufungwa na treni imekwenda zake.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya lugha hiyo ya abiria. Tutajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba msamiati huu haukutungwa na chombo kimoja, bali ulizaliwa katika mvutano wa wenye reli, waandishi wa magazeti na abiria wenyewe. Pili, kwamba maneno yaliyodumu ni yale yaliyokuwa mepesi kutamkwa na yaliyorudiwa kila siku, hata kama wakubwa hawakuyapenda. Tatu, kwamba jambo hili linatuhusu sisi tunaoshughulika na istilahi za Kiswahili, hasa wakati huu ambapo miji yetu inajengewa njia mpya za usafiri na njia hizo zinahitaji kupewa maneno.

Jina la mji mkuu lililozunguka dunia

Reli ya kwanza duniani ya kuchukua abiria chini ya ardhi ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon. Treni zake zilivutwa kwa mvuke, na moshi ulijaa ndani ya mahandaki. Kampuni iliyoijenga ilijiita "Metropolitan Railway", yaani reli ya mji mkuu. Jina hilo lilikuwa la kisheria na la fahari. Halikusema lolote juu ya handaki wala juu ya giza. Lilisema tu kwamba reli hii ni ya mji mkubwa kuliko miji mingine ya Uingereza.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba jina hili lilifanikiwa zaidi ugenini kuliko kwao. Wafaransa walipofungua reli yao ya Paris mwaka 1900, kampuni yao nayo ilijiita ya "métropolitain", na watu wa Paris wakalikata neno hilo likawa "métro". Kwa umbo hilo fupi lilienea katika lugha nyingi, hata Cairo, ambako reli ya kwanza ya namna hii katika bara la Afrika ilianza kazi mwaka 1987. Huko London, lilikozaliwa, limebaki kuwa jina la njia moja tu miongoni mwa njia nyingi. Neno ni kama mtoto aliyepelekwa ng'ambo: anaweza kurudi mtu mkubwa ambaye jamaa zake hawamtambui.

Wamarekani, kwa upande wao, walichagua neno "subway". Reli ya New York ilipofunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904 iliitwa hivyo, na hadi leo ndivyo inavyoitwa. Lakini katika matumizi ya London neno hilo hilo lina maana ya njia ya waendao kwa miguu, ipitayo chini ya barabara. Kwa hiyo mgeni aliyejifunza Kiingereza chake New York, akikifuata kibao cha "subway" mjini London, huenda akatembea kwa bidii na kutokea ng'ambo ya pili ya barabara bila ya kuona treni yoyote. Kisa hiki kidogo chatukumbusha kwamba hakuna Kiingereza kimoja cha kusafiria. Kila mji umejitengenezea chake.

Nauli iliyozaa jina

Mwaka 1890 ilifunguliwa reli ya namna nyingine, iliyochimbwa kwa kina kirefu na kuendeshwa kwa umeme. Mahandaki yake yalikuwa ya mviringo kama bomba. Mabehewa yake ya mwanzo yalikuwa na madirisha madogo mno, kwani wenye kampuni waliona kwamba chini huko hakuna cha kutazama. Kwa sababu hiyo ilikuwa lazima watumishi wa treni waite jina la kila kituo kwa sauti. Tangu hapo kusafiri chini ya ardhi kukawa ni kazi ya masikio. Asiyelielewa tamko la jina hakuwa na njia nyepesi ya kujua alipo.

Miaka kumi baadaye, mwezi wa Julai mwaka 1900, ilifunguliwa Central London Railway, kati ya Shepherd's Bush na Bank. Nauli yake ilikuwa moja kwa wote, uende mbali uende karibu: peni mbili. Gazeti la Daily Mail likaibandika reli hiyo jina la "Twopenny Tube", yaani bomba la peni mbili, na neno la kwanza kati ya hayo likitamkwa karibu na "tapni". Jina likashika mara moja. Mwaka 1907 kampuni ilipandisha nauli za safari ndefu, na peni mbili zikakosa maana. Sehemu hiyo ya jina ikadondoka, ikabaki "Tube" peke yake. Baadaye neno hilo likaenea hata kwa zile njia za zamani ambazo hazikuchimbwa kwa umbo la bomba. Leo wenye reli wenyewe hulitumia katika matangazo yao kana kwamba walilibuni wao.

Msomaji wa Kenya hatakosa kukumbuka neno "matatu". Kwa mujibu wa maelezo yanayokubaliwa na wengi, jina hilo lilitokana na sarafu tatu za senti kumi ambazo abiria wa Nairobi alilipa kupanda magari hayo, kabla ya serikali kuyaruhusu rasmi mwaka 1973. Hali kadhalika, inasimuliwa kwamba "daladala" la Dar es Salaam lilitokana na "dala", jina la mitaani la shilingi tano. Miji hii mitatu haikuigana. Iliyoiunganisha ni hali ya abiria mwenyewe: jambo la kwanza analotaka kujua ni bei, na anachotamka kila siku mbele ya mkusanya nauli ndicho kinachogeuka kuwa jina la chombo. Tofauti ni moja tu. Kiingereza kiliiangusha nauli kutoka katika jina ilipopanda, bali Kiswahili kimeihifadhi. Nauli za senti thelathini zimekwisha kusahauliwa, lakini hesabu yake ingali ikitamkwa vituoni kila asubuhi.

Neno la mitaani lapata kibali

Mvutano baina ya lugha ya wakubwa na lugha ya watu ulionekana waziwazi mwaka 1906. Mwaka huo ilifunguliwa reli iliyoitwa Baker Street and Waterloo Railway. Jina lilikuwa refu, na mwandishi mmoja wa gazeti akalifupisha kwa kushika kichwa cha neno moja na mkia wa jingine: "Bakerloo". Miezi michache tu baadaye kampuni ililikubali jina hilo kuwa lake rasmi. Jarida moja la mambo ya reli lilikasirika, likaona kwamba si heshima kwa kampuni ya reli kuokota jina la mitaroni na kulivaa. Hasira hizo hazikufaa kitu. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Jarida lile halikumbukwi ila kwa lawama yake, na Bakerloo lingali likiandikwa katika kila ramani.

Wakati huo huo Kiingereza cha Marekani nacho kilikuwa kikiingia chini ya London. Fedha za kujengea njia kadhaa mpya zilitafutwa na tajiri wa Kimarekani, Charles Tyson Yerkes, aliyekuwa amejishughulisha na usafiri wa mji wa Chicago, na pamoja na fedha na mitambo ikaja istilahi. Katika reli za kawaida za Uingereza, treni ya "up" ni ile iendayo London na ya "down" ni ile itokayo. Lakini chini ya ardhi yakashika maneno ya Kimarekani ya dira, "northbound" na "eastbound", yaani iendayo kaskazini na iendayo mashariki. Behewa nalo likaitwa "car" badala ya "carriage". Waingereza walio wepesi kulalamika juu ya Kiingereza cha Marekani huyatumia maneno hayo kila siku bila ya kujua walikoyatoa. Hivyo ndivyo mkopo unavyokuwa unapokubalika: mkopaji husahau kwamba amekopa.

Maandishi, ramani na matamko

Kufikia mwaka 1908 kampuni mbalimbali zilikuwa zimekubaliana kutangaza njia zao kwa jina moja, "Underground", yaani chini ya ardhi. Mtu aliyeiunda sura ya maandishi yao kuliko wengine wote ni Frank Pick. Yeye ndiye aliyemwagiza Edward Johnston achore herufi maalumu, zilizoanza kutumiwa mwaka 1916, na ambazo kwa umbo lililorekebishwa zinatumiwa hata leo. Utaratibu wa maandishi hayo ulipendelea maneno mafupi ya Kiingereza asilia. Mlangoni pa kutokea hapakuandikwa "Exit", neno la Kilatini, bali "Way out", maneno mawili ambayo hata mtoto anayajua.

Mwaka 1933 ikatolewa ramani ya Harry Beck, mchoraji wa michoro ya mitambo, aliyeacha kufuata umbali halisi wa vituo akazichora njia kwa mistari iliyonyooka na rangi zilizotofautiana. Mwanzoni wakubwa waliikataa, wakiona kuwa ni mageuzi makubwa mno. Abiria waliipokea kwa furaha. Ramani hii ilibadili hata usemi: mtu wa London akieleza anakoishi, mara nyingi hutaja njia ya treni kabla ya kutaja mtaa.

Lakini maandishi mazuri hayakuondoa taabu moja, nayo ni tofauti kati ya herufi na tamko. Msemaji wa Kiswahili amelelewa na maandishi yanayosema kweli. Akiona silabi huitamka. Akiona "Leicester Square" atatamka silabi zote, asielewe kwamba sauti inayosema "Lesta" inamwita ashuke. Holborn husikika kama "Hoban", na Southwark kama "Sadhak". Hapa ndipo tunapoiona kasoro ya mafundisho yetu. Tumewafundisha wanafunzi Kiingereza cha macho, tukadhani kuwa masikio yatafuata yenyewe.

Lugha ya kutahadharisha

Turudi sasa kwa sauti iliyombabaisha msomi wetu. Baadhi ya vituo vya London, kama vile Bank na Embankment, vilijengwa mahali palipopinda. Treni ni nyoofu na ukingo ni wa kupinda. Kwa hiyo baina yao hubaki mwanya ambamo mguu waweza kuzama. Kwa muda mrefu watumishi ndio waliopiga ukelele wa kuwaonya watu. Mnamo mwaka 1968 iliamuliwa kwamba onyo hilo lirekodiwe. Vifaa vya kuhifadhia sauti vilikuwa ghali siku hizo, na maneno yalipaswa kuwa machache. Ndipo yakachaguliwa maneno matatu yenye silabi moja moja: "Mind the gap".

Kwa upande wa maana, neno "mind" hapa si akili bali ni kitenzi, na maana yake ni kutia jambo akilini, kulitunza, kujihadhari nalo. Kiswahili kimefika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Kitenzi chetu "angalia" asili yake ni kutazama, lakini mama anapomwambia mwanawe, "Angalia usianguke," hamtumi kutazama kitu, anamtaka ajihadhari. Kiingereza kimelitoa onyo katika akili, Kiswahili kimelitoa katika macho. Mfasiri anayetafuta neno badala ya neno atapotea. Anayetafuta onyo kwa onyo atalikuta mlangoni pa nyumba yake, kwani "Angalia mwanya" ni Kiswahili kisicho na doa.

Sauti hizo zilizorekodiwa zilipata nafasi ambayo wahandisi hawakuitarajia. Mojawapo ilikuwa ya mwigizaji Oswald Laurence, aliyefariki dunia mwaka 2007. Sauti yake ilikuwa ikiondolewa kituo baada ya kituo na mitambo mipya, hata ikabaki Embankment peke yake. Mjane wake alikuwa akienda huko na kuketi, ili aisikie. Mwisho wa mwaka 2012 alikwenda akaikosa. Alipowaeleza wenye reli, walimpa nakala ya sauti ile, na mwaka 2013 wakairudisha kituoni hapo. Wanaisimu hupenda kuyaita maneno ya namna hii kuwa ni fomula tupu zisizo na msemaji. Kisa hiki chatuonya tusiharakishe. Hakuna tamko lisilokuwa na mtu nyuma yake, na lile linalorudiwa mara nyingi kuliko yote laweza kuwa ndilo lenye thamani kubwa kwa msikilizaji mmoja.

Sauti ni ya nani?

Swali hilo la msemaji lina upande mwingine, nao ni wa kihistoria. Baada ya vita vya pili vya dunia London ilikosa wafanyakazi. Mwaka 1956 shirika la usafiri la mji huo lilianza kuajiri watu moja kwa moja kutoka kisiwa cha Barbados, likiwakopesha nauli ya safari, na baadaye likaajiri Jamaika na Trinidad pia. Watu hao wakawa wakata tiketi, wabeba mizigo na walinzi wa treni. Kwa hiyo katika miaka ambayo wanafunzi wetu walipelekwa Uingereza wakaisikie lugha kutoka kwa wenyewe, sauti iliyowaambia "Mind the doors" mara nyingi ilikuwa na lafudhi ya Karibi. Mwenyewe wa lugha alikuwa ni nani? Jibu la ukingoni mwa reli ni rahisi: ni yule ambaye abiria wote walimtii alipoamuru milango iangaliwe.

Walinzi hao wa treni waliondolewa njia moja baada ya nyingine, na wa mwisho alimaliza kazi mwezi wa Januari mwaka 2000. Lugha haikuacha kubadilika. Kadi ya Oyster ilipoletwa mwaka 2003, vikazaliwa vitenzi vya "touch in" na "touch out", yaani kugusa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Na ikawa kosa la kusahau kugusa lina gharama yake. Mwaka 2017 watumishi waliagizwa waache kuwaita abiria kwa "Ladies and gentlemen", waseme maneno kama "Good morning everyone", ili asiwepo atakayejiona kuwa hakuamkiwa. Agizo hilo lilizusha ubishi mkali magazetini. Kwa Kiswahili ubishi huo usingekuwa na mahali pa kuanzia, maana "abiria" si mwanamume wala mwanamke, na "ndugu abiria" humkusanya kila mtu. Na mwaka 2024 njia moja ya treni za juu ya ardhi za London ilipewa jina la Windrush, kwa ukumbusho wa meli iliyowaleta wahamiaji wa Karibi mwaka 1948. Watu waliokuwa wakitaja majina ya vituo, sasa kumbukumbu yao nayo inatajwa vituoni.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiingereza cha abiria wa London kilitokana na kampuni iliyojisifu, gazeti lililotania, tajiri wa kigeni, mchoraji wa mitambo, uchache wa nafasi ya kuhifadhia sauti, na wafanyakazi waliovuka bahari. Hakuna kamati iliyokiumba. Hata hivyo, isidhaniwe kuwa uamuzi wa wenye mamlaka haukuwa na maana. Ukubwa wa Frank Pick na wenzake ulikuwa katika kulitambua neno jema lilipotokea, wakaliandika kwa herufi zinazosomeka na kulirudia kila kituo.

Sisi tunayo historia yetu ya namna hiyo. Reli kutoka Mombasa ilipokuwa ikisogea kuelekea Kisumu, ambako ilifika mwaka 1901, wasemaji wa Kiswahili hawakungoja kufundishwa. Walisema "gari la moshi" kwa kutazama tu, wakachukua "stesheni" na "tikiti" kwa wageni, na kwa chumba cha treni wakatumia "behewa", neno lililokuwa la nyumba za mawe za pwani. Uwezo huo haujafa. Mwaka 2016 mabasi yaendayo katika njia zake maalumu yalipoanza Dar es Salaam yakiwa na jina rasmi la herufi za Kiingereza, watu wakayaita "mwendokasi", na jina likashinda. Kwetu Kenya, treni iliyoanza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ilipewa jina lenye nusu ya Kiswahili na nusu ya Kiingereza, Madaraka Express. Nusu ile ya pili ingali ikingoja kupatiwa mwenziwe.

Basi kazi ya mtaalamu wa istilahi haianzii mezani. Yampasa ashuke stesheni, asimame karibu na mlango, asikilize jinsi kondakta anavyoita na jinsi abiria wanavyoitika. Akirudi na maneno hayo aandike kamusi yake, naye hatakuwa na haja ya kumlazimisha mtu kuitumia.